Asubuhi isiyo na mbio: mazoea madogo ya nyumbani yanayookoa muda, pesa na kelele

Kuna ushauri unazunguka sana kwamba ukitaka maisha yako yanyooke amka saa kumi alfajiri, fanya mazoezi, soma kitabu, kunywa maji ya uvuguvugu yenye limau, alafu ndio siku ianze. Sasa mtu anayekaa Mbagala au Chanika, pembezoni mwa Dar, na kazi yake iko Posta katikati ya mji, saa kumi hiyo kashaamka kitambo, na wala hatafuti limau wala kitabu, anatafuta soksi ya mtoto. Kwa hiyo hapa sizungumzii kuamka mapema zaidi, usingizi wenyewe hautoshi. Nazungumzia kuhamisha kazi.

Kanuni ziko mbili tu. Kinachoweza kufanyika usiku kisisubiri asubuhi, na kinachoweza kufanyika mara moja kwa wiki kisifanyike kila siku. Yaani asubuhi kinachomchosha mtu sio wingi wa kazi, ni kutafutana na kuulizana, funguo iko wapi, nani kachukua chaja, leo tunakula nini, hela ya nauli ya mtoto iko wapi, umeme umebaki ngapi. Ukiyamaliza maswali hayo jana yake, asubuhi inabaki kuoga na kuvaa.

Tuanzie mlangoni. Piga msumari mmoja au tundika kikapu kidogo karibu na mlango, hapo ndio makao ya funguo, kadi ya basi la mwendokasi, kitambulisho cha kazi na chenji. Chenji naisisitiza kwa sababu kila anayepanda daladala anajua, saa kumi na mbili asubuhi ukimpa konda noti ya elfu kumi unajitafutia maneno, atakwambia "kaa nayo nitakupa" na chenji yenyewe utaidai mpaka kituo cha mwisho. Kila jioni ukirudi na sarafu mfukoni zitupie kwenye kikopo, mia mia mbili mia tano zote humo, usiku unatoa za kesho unaziweka pamoja na kadi. Na hicho kikapu kisigeuzwe stoo ya risiti na vifuniko vya soda, vitu vikizidi vitano kishakufa.

Usiku huohuo nguo za kesho zinatoka kabatini, za watoto na zako, mpaka za ndani na soksi, zinawekwa sehemu moja. Begi la shule linafungwa na mwenyewe mtoto, sio mama. Mtoto wa darasa la pili anaweza kabisa kupanga madaftari yake kama kuna ratiba imebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, siku mbili za kwanza atasahau, ya tatu ataacha kusahau kwa sababu mwalimu atamkumbusha vizuri tu. Simu inachajiwa jioni wakati watu wako macho, sio saa sita usiku, maana umeme ukikatika usiku utaamka na asilimia nne.

Alafu kuna chupa ya chai. Wengi tunaitumia kuhifadhi chai iliyokwisha kupikwa, lakini ukichemsha maji usiku ukayajaza kwenye chupa nzuri, asubuhi bado ni ya moto, hayachukui muda jikoni kuchemka tena kwa chai au uji. Uji nao ujanja wake ni kukoroga unga na maji ya baridi kwenye kikombe kabla hujaumimina kwenye maji yanayochemka, hapo hauchukui muda na hauweki mabonge.

Jikoni, hasa maharage

Hapa ndipo muda na gesi vinapotea kuliko sehemu nyingine yoyote nyumbani kwa hiyo nitakaa kidogo. Maharage ukiyapika makavu bila kuloweka yanakula masaa, na kama ni ya zamani ndio kabisa, gesi inaisha na yenyewe yanakutazama. Yaloweke usiku kwenye maji mengi, masaa nane mpaka kumi na mbili yanatosha. Kwa joto la Dar usiyaache nje mpaka jioni ya pili, yataanza kutoa povu na harufu ya kuchacha, kama umechelewa yaweke kwenye friji. Maji ya kulowekea mwaga, suuza, weka mapya.

Kupika sasa. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka kwelikweli, kwa hiyo yape angalau dakika kumi za kutokota kwa nguvu kabla hujapunguza moto. Nyanya, ndimu na kila chenye uchachu visiingie mpaka yameshalainika, ukiweka mapema ganda linakaza na utakaa nayo hapo mpaka usiku. Hili watu wanabisha sana, jaribu mwenyewe sufuria mbili.

Baada ya kuchemka vizuri kuna njia ya bibi zetu wa mjini na inafanya kazi, chukua sufuria lenye mfuniko unaobana, lifunge kwenye blanketi zito au liingize kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu, funika kabisa, liache masaa mawili matatu. Joto halitoki na maharage yanaendelea kuiva bila moto. Ukifungua unamalizia kidogo tu jikoni. Lakini sharti zile dakika kumi za mwanzo uwe umezifanya, na kabla ya kula yachemke tena.

Pika kilo nzima, sio kikombe. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inakuwa zaidi ya kilo mbili, gawa kwenye makopo ya aiskrimu kwa kipimo cha mlo mmoja, yakipoa ingiza kwenye friza. Ukirudi saa mbili usiku umechoka, unatoa kopo moja, unakaanga kitunguu, nazi au nyanya, dakika kumi na tano watu wanakula. Asiye na friza apike ya siku mbili tu na yakae kwenye friji, asiye na friji apike ya siku hiyo ila kuloweka na kapu bado vitamsaidia.

Rojo la nyanya na vitunguu vilevile. Jumamosi ukitoka sokoni na nyanya zako, na msimu wake zikiwa bei ya kutupa, saga, kaanga na vitunguu mpaka maji yakauke, gawa kwenye makopo. Kitunguu saumu na tangawizi saga pamoja, weka friza. Usiviweke kwenye mafuta alafu ukaviacha kabatini wiki nzima, saumu iliyozama kwenye mafuta kwenye joto la kawaida inaweza kuotesha vijidudu hatari ambavyo wala huvisikii kwa harufu.

Na kiporo cha wali, najua tunakipenda na chai, lakini wali uliolala nje usiku kucha kwenye joto letu unaweza kukuharibia tumbo hata ukiupasha, kwa sababu kuna sumu inayotengenezwa na bakteria wa kwenye mchele ambayo moto hauiondoi. Ukibaki tandaza kwenye sinia upoe haraka, ukipoa tu uingie kwenye friji, asubuhi pasha mpaka utoe moshi.

Menyu ya wiki wengine wanaandika mlo kwa mlo, mi naona ni kujitesa. Panga mboga kuu kwa siku tu, Jumatatu maharage, Jumanne dagaa, Jumatano majani na kadhalika, ugali au wali mtaamua mbele ya safari. Faida yake kubwa ni gengeni, unaenda ukijua unachotaka na hurudi na vitu vya elfu kumi ambavyo havitengenezi mlo.

Maji

Mkazi wa Dar hahitaji kuambiwa habari za mgao. Mji unategemea sana mto Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, mto ukipungua wote tunajua, mwaka 2022 mwezi wa kumi ilikuwa ratiba za mgao mji mzima. Kwa hiyo zoea la kwanza ni kuyajaza madumu siku maji yanatoka, hata kama yamejaa nusu, sio kusubiri yaishe. Gawanya vyombo: dumu la kunywa ni la kunywa tu, lenye mfuniko, na kikombe cha kuchotea kisichotumika kwingine. Ya kunywa yakianza kutokota kwa nguvu yaache dakika moja, inatosha, kuyachemsha robo saa ni kuchoma gesi bure. Kama unatumia dawa ya klorini soma kipimo kwenye kifungashio na ungoje muda walioandika, usikoroge ukanywa hapohapo.

Sasa pipa. Watu wengi wanajua maji yaliyotuama yanaleta mbu, wanachukulia ni malaria tu, kumbe mbu anayependa mapipa na ndoo zetu safi ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeng'ata mchana, ndiye anayeleta dengue, na Dar imeshapigwa na dengue zaidi ya mara moja, 2014 na 2019 watu wanakumbuka. Huyu mbu hatagi katikati ya maji, anabandika mayai yake kwenye ukuta wa pipa juu kidogo ya maji, vitu vidogo vyeusi kama vumbi la mkaa. Na mayai hayo yakikauka hayafi, yanaweza kukaa miezi yakisubiri, siku ukijaza maji yakayafikia yanaanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi hivi.

Ndio maana kumwaga maji peke yake hakusaidii. Kila wiki, chagua siku na usiibadilishe, maji yakiwa yamefika chini tumia yaliyobaki kusugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, zungusha hasa kwenye ule mstari ambao maji huishia, suuza, mwaga mchangani palipo pakavu. Ukimulika tochi kabla ya kusugua ukaona vijidudu vinajikunja kunja juu ya maji, hao ndio viluwiluwi, ujue wiki iliyopita ulisahau. Pipa lisilo na mfuniko lifunike kwa kitambaa cha neti na ukifunge na mpira wa tairi ya baiskeli. Sahani za maua, tairi kuukuu nyuma ya nyumba, vifuu vya nazi, vyote humo humo kwenye mzunguko wa hiyo siku.

LUKU na matumizi ya umeme

Usinunue umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ukishakata. Weka kiwango chako, tuseme uniti kumi, mita ikifika hapo unanunua, kwa sababu siku ukiacha ifike sifuri ndio siku mtandao unagoma, tokeni haiji, na ni saa tatu usiku. Meseji yenye zile tarakimu ishirini usiifute mpaka umeiingiza na ikakubali. Na ukinunua mara ya kwanza mwezini ukaona uniti zimekuja pungufu usimtukane mtu, tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo kwa hiyo mpangaji liongelee na mwenye nyumba mapema, kabla hamjazoeana kuvumiliana.

Kingine ambacho wapangaji wengi hawakijui, kuna kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wale ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi, bei yao kwa uniti ni nafuu mno ukilinganisha na wengine. Sasa nyumba ya vyumba sita yenye mita moja haiwezi kukaa humo, mnavuka wote. Mkipata nafasi ya kuweka mita za kujitegemea pigeni hesabu, inaweza kulipa.

Kujua nini kinakula umeme hakuhitaji fundi. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa masaa, gawa kwa 1000, hizo ndio uniti. Birika la wati 2000 kwa dakika sita ni uniti 0.2. Taa ya LED ya wati 9 kwa masaa kumi haifiki hata uniti 0.1. Kwa hiyo ule ugomvi wa "zima taa" unaofanyika kila nyumba wakati hita ya maji ya kuoga inachemka ndoo nzima kila asubuhi, ni ugomvi umeenda sehemu siyo.

Hapo ndipo pasi inapoingia. Kupiga pasi shati moja kila asubuhi ni kuipasha moto upya kila siku, na umeme ukikatika mtoto anaenda na mikunjo. Piga zote Jumapili jioni, mashati matano, tundika. Anza na vitambaa vyepesi wakati pasi haijapamba, malizia na vya pamba, na zile za mwisho nyepesi nyepesi piga ukishaizima, joto linalobaki linatosha. Wakati wa masika fua sare Ijumaa jioni ileile wakirudi, usingoje Jumapili, mvua ya siku mbili itakuacha na shati bichi Jumatatu.

Umeme ukikatika friji usilifungue kuangalia kama vitu vimeharibika. Likiwa limefungwa linahifadhi ubaridi kama masaa manne hivi, friza iliyojaa inafika hata siku mbili, iliyo nusu ni siku moja. Kwa hiyo friza yako kama ina nafasi ijaze chupa za maji, zikiganda zinasaidia siku ya kukatika na zinasaidia pia kwenye kontena la chakula.

Gesi ni fupi. Siku unabadilisha mtungi andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ya gundi ubandike pale pale, baada ya mitungi miwili mitatu utajua wako unaishi wiki ngapi na utaweka hela kabla. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani mwagia maji ya moto upande mmoja wa mtungi, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini, palipo baridi ndipo gesi ilipofika. Na kila ukifunga mtungi mpya paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu yanayokua kuna sehemu inavuja, funga, fungua madirisha, usiwashe kitu.

Simu na makaratasi

Tengeneza folda moja tu kwenye simu, iite jina lolote, weka picha za kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya bima, mkataba wa nyumba, namba ya mita, risiti za kodi. Namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, zilizobaki hakuna anayezikumbuka akiwa dirishani na foleni nyuma yake inaguna. Iandike pia kwenye karatasi ukae nayo kwenye pochi kwa sababu simu inaibiwa. Na simu yenyewe iwe na nywila, maana folda hiyo mikononi mwa mwizi ni matatizo mengine.

Nani afanye haya yote? Hapa naomba tuelewane, ratiba ambayo yote iko kichwani mwa mama sio ratiba, ni mzigo wa mama uliopewa jina zuri. Kila kazi iwe na mwenyewe anayejulikana. Pipa ni la baba au kaka mkubwa, kuloweka maharage ni la dada, kikopo cha chenji ni la fulani. Kama una dada wa kazi usimrundikie yote ukasema umepanga nyumba, naye anahitaji kulala. Na mkianza anzeni na mawili tu, mlango na maharage, mengine yafuate yale yakishazoeleka.

La mwisho ni kodi ya nyumba, kwa sababu hakuna kinachovuruga nyumba kama miezi sita kufika ghafla wakati kila mtu alijua inakuja. Chumba cha laki moja kwa mwezi ni laki sita kwa miezi sita, ambayo ni wiki 26, kwa hiyo ni kama elfu 23 na kidogo kila wiki. Anayelipwa kwa siku aigawe tena, ni kama elfu tatu na mia tatu kwa siku. Iweke siku ileile unayosugua pipa ili usisahau, kwenye laini ya simu usiyoitumia kununulia vocha au kwenye kibubu cha kupigilia misumari, wengine wanategemea zamu yao ya kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, sawa, ila hakikisha zamu yako inaangukia kabla ya tarehe ya kodi na sio baada. Ukifika mwezi wa tano kati ya hiyo sita mpigie mwenye nyumba umuulize kama bei inabaki vilevile, wengi hutangaza ongezeko wiki ya mwisho ukiwa huna pa kwenda. Ukilipa dai risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, ipige picha hapohapo na uitupie kwenye lile folda.